Kutoa signali moja ndani ya nyengine kwa SDR: namna ya kuiua kelele ya chaja redio ikiwa hewani

Kwa wale wanaosikiliza masafa mafupi kwa SDR (redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na programu ya kompyuta) hapa visiwani, tatizo letu skuizi sio kituo kuwa mbali, tatizo ni kelele za ndani ya nyumba. Chaja za bei rahisi, taa za LED, inveta za sola, TV ya jirani, vyote hivo ndani yake vina swichi inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na huko kukata ndo kunakorusha takataka hewani, hasa chini ya 30 MHz. Ukikaa kwenye majumba ya Michenzani au hapa Chake mjini unafungua bendi ya mita 25 unakuta mistari imesimama kama ukuta, kituo kipo chini yake lakini husikii kitu zaidi ya mngurumo, na ikifika usiku wa Ramadhani watu wameshafuturu kila nyumba imewasha kila kitu basi ndo usitaje.

Dawa yake ni antena mbili. Ya kwanza, kuu, inasikia kituo pamoja na kelele. Ya pili ni ndogo tu, inakaa karibu na kinacholeta kelele, hiyo inasikia kelele peke yake. Ukiitoa ya pili kwenye ya kwanza kinabaki kituo. Hesabu yenyewe ni alama moja ya kutoa, mtoto wa darasa la pili anaiweza, kazi yote iko kwenye kuzifanya kelele mbili zifanane sawasawa kabla hujazitoa: wakati mmoja, nguvu moja, fezi moja (yaani mawimbi yapande na kushuka pamoja). Mwongozo huu takriban wote ni wa hiyo kazi.

Na tuelewane mapema, hapa tunapokea tu. Kurusha mawimbi ni habari nyengine na hapo leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inahitajika.

Kabla hujanunua kitu

Toa laptop kwenye chaja, iendeshe kwa betri, kisha zima meni swichi ya nyumba nzima na utizame spektra (ile picha ya nguvu ya mawimbi kwa kila masafa). Kelele ikianguka ni yako mwenyewe, rudisha swichi moja moja mpaka umjue mkosaji. Mana yakhe, njia ya kutoa iliyo rahisi kuliko zote ni kuichomoa ile chaja ukutani, au kuuzungusha waya wake mara kadhaa kwenye feraiti (ile pete nyeusi ya kuzuia kelele kwenye waya). Watu wanajenga mitambo mikubwa kumbe adui ni adapta moja ya router.

Mwongozo huu ni kwa ile kelele usiyoweza kuizima: inveta inayolisha friji, TV ya jirani mlioshirikiana ukuta, tamthilia ya bi mkubwa ambayo humwambii azime ukabaki salama.

Vifaa

Ukiwa na uwezo tafuta kipokezi chenye njia mbili ndani yake zinazotumia saa moja. RSPduo ya SDRplay ndo inayojulikana zaidi kwa kazi hii, ina tuna mbili (sehemu za kuchagua masafa), biti 14, na programu yake ina sehemu ya daivasiti (kuchanganya antena mbili) inayokufanyia karibu kila kitu. KrakenSDR ina njia tano lakini ya kwake inaanza 24 MHz kwenda juu, kwa masafa mafupi haikusaidii hivi hivi.

Wengi wetu tuna vile vidude vya USB vya RTL-SDR. Vinatumika, lakini sio viwili vyovyote ukivichomeka tu. Kila kidude kina kristali yake ya 28.8 MHz na hakuna kristali mbili duniani zinazopiga sawa. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu moja katika milioni, kitu kidogo kabisa, lakini ukiwa kwenye 11.735 MHz huo ni mtengano wa karibu hertzi 12, maana yake fezi ya kimoja inaizunguka ya mwenzake mara 12 kila sekunde. Unatoa, kelele inapotea, baada ya kitambo kidogo tu badala ya kupotea inajumlishwa inakuwa mara mbili, halafu inapotea tena. Unasikia tu kitu kinapwita. Hakuna programu itakayokuokoa hapo kirahisi, saa lazima iwe moja.

Kwa hiyo chukua RTL-SDR Blog V3 mbili. Kwenye bodi yake wameacha nafasi ya jampa ya kuchagua saa ya ndani au ya nje, pamoja na vituo vya kutoa na kuingiza hiyo saa. Kidude cha kwanza kinabaki na kristali yake na kinaitoa nje, cha pili kinawekwa kwenye saa ya nje na kinaipokea kwa waya mfupi wa koaksi, sentimita chache tu, na ardhi zao ziunganishwe. Pini zake ni ndogo mno, kama huna ncha nyembamba ya lehemu mpe fundi wa simu pale Darajani, yeye kazi ya vitu vidogo anaifanya kutwa. Hakikisha pia bias-tee (inayopeleka umeme kwenye waya wa antena) imezimwa kwenye vyote viwili, usije ukapeleka volti 4.5 kwenye waya usiotaka volti.

Sababu ya kuichagua V3: kwa masafa mafupi inaweza kusoma mawimbi moja kwa moja bila kupitia tuna, ile wanaita direct sampling. Tuna ikiwa haipo njiani hakuna PLL (saketi inayotengeneza masafa ya tuna) ya kukubadilishia fezi ovyo kila unapogusa masafa, inabaki saa tu ambayo tayari ni moja. Ubaya wake ni kwamba inaishia 14.4 MHz, nusu ya 28.8, na chochote kilicho juu ya hapo kinajikunja kinarudi chini. Kituo kilichoko 17.065 MHz kitakuja kukaa juu ya 11.735 kama vile ni kwao. Filta ya kuzuia juu ya 14 MHz mbele ya kila kidude inalimaliza hilo.

Vitu vyengine: waya wa mita sita na nusu hivi kwa antena kuu, hiyo ni robo ya wimbi kwa 11.7 MHz, uuvute mbali na nyumba kadiri utakavyoweza, mnazi au mfenesi wowote unafaa, ila usiulaze juu ya bati. Kipande cha nusu mita kwa antena ya kelele. Na spilita ya TV ya kawaida, ile yenye kuandikwa 5–1000 MHz, hii utaiona umuhimu wake mbele.

Hatua ya 1: Antena ya kelele

Hapa ndo watu wengi wanapoikosa, kwa hiyo tusikimbie.

Antena ya pili ikisikia na kituo pia, basi ukitoa utakitoa na kituo. Programu haijui ipi ni Kiswahili cha mtangazaji na ipi ni chaja, inachojua ni kwamba hiki kipo pande zote mbili basi kiondoke. Kwa hiyo ifanye fupi, iweke ndani ya nyumba, iwe inagusana kabisa na waya wa hicho kifaa kinacholeta kelele, hata kuuzungushia juu ya ganda lake mara mbili tatu sio vibaya (juu ya ganda nimesema, usichune waya wa umeme). Halafu ipime: fungua spektra ya antena hiyo peke yake ukiwa kwenye kituo chenye nguvu. Kelele iwe imejaa, kituo kisionekane, na kama kinaonekana kiwe chini ya kile cha antena kuu kwa desibeli 20 (kipimo cha kulinganisha nguvu) au zaidi.

Ipo faida ya pili ya kuikaribisha. Kila kipokezi kina muungurumo wake wa ndani ambao mwenzake hana, na huo hautoki, unajumlishwa. Ukiwa antena ya kelele inasikia kelele kidogo itabidi uikuze mara nyingi ili ifikie ile ya antena kuu, na unapoikuza unakuza na huo muungurumo wake, unamwaga uchafu mpya juu ya kituo chako. Ikisikia kelele kwa nguvu, unaipunguza badala ya kuikuza, na muungurumo unapungua pamoja nayo.

Na antena moja ya kelele inaondoa kelele ya chanzo kimoja. Ukiwa na inveta kule na TV huku, kila mmoja anaingia kwa njia yake, basi utahitaji antena ya tatu na kipokezi cha tatu. Chagua mwenye kero kubwa uanze naye.

Hatua ya 2: Tofautisha vidude

Vinatoka kiwandani na namba moja, 00000001, laptop haijui yupi ni yupi. Chomeka kimoja kimoja ukipe namba yake:

rtl_eeprom -d 0 -s 00000101

cha pili kipe 00000102. Andika kwa maka juu yake K na N, kuu na nduguye. Chomeka kila kimoja kwenye tundu lake la laptop, usivipitishe kwenye hab ya bei rahisi.

Hatua ya 3: GNU Radio

Fungua GNU Radio Companion, programu ya kuunganisha bloki za kuchakata signali. Weka osmocom Source yenye njia mbili na kwenye Device Arguments andika:

numchan=2 rtl=00000101,direct_samp=2 rtl=00000102,direct_samp=2

Sample rate 1920000 (sampuli, yaani vipimo vya wimbi, kwa sekunde), masafa 11.7 MHz kwa zote mbili. Mimi naacha kituo kikae pembeni kidogo ya katikati kwa makusudi, mana katikati kabisa huwa pana kijiti cha uongo. Kituo cha mfano nachukua 11.735 MHz, masafa ambayo redio ya Zanzibar imejulikana nayo kwa wasikilizaji wa nchi za mbali kupitia mtambo wa Dole. Ukikuta hakuna kitu saa hiyo chukua kituo chochote cha bendi ya mita 25.

AGC (kujirekebisha kwenyewe kwa geini, yaani ukuzaji) zima. Zima kila mahali unapoiona. AGC inabadilisha geini kila signali inapopanda na kushuka, na kila ikibadilisha, ule ulinganifu unaoupanga unavunjika.

Kila njia ipitishe kwenye bloki ya Delay. Baada ya Delay weka Frequency Xlating FIR Filter, Decimation 160, Center Frequency 35000, na kwenye Taps:

firdes.low_pass(1, 1920000, 5000, 2000)

Filta mbili ziwe pacha, usibadilishe hata namba moja. Zikitoka hapo una sampuli 12,000 kwa sekunde kila upande, mzigo ambao hata laptop ya zamani inaubeba.

Pia kabla ya Delay chepusha kila njia kwenye Head ya sampuli 4000000 kisha File Sink, moja iite kuu.c64 nyengine kelele.c64, na Unbuffered weka On. Mafaili haya ni ya kupimia tu.

Hatua ya 4: Kupanga wakati

Saa ni moja lakini vidude havianzi pamoja. USB inamfungulia mmoja, halafu mwengine baada ya milisekunde kadhaa, na huo mtengano unabaki vilevile mpaka uzime. Unajua ile ukisimama baina ya misikiti miwili yenye spika, adhana ni ile ile lakini ya mbali inakufikia imechelewa, maneno yanapandana? Ndo hivo. Sampuli moja hapa ni nusu ya maikrosekunde, na unaweza ukawa umepishana kwa maelfu ya sampuli.

Sasa ile spilita. Funga antena kuu kwenye spilita, matawi yake mawili yaingie vidude vyote viwili, ili wote wasikie kitu kimoja kabisa. Washa flografu (ule mchoro wote wa bloki), subiri sekunde chache mafaili yajae, na *usizime*. Fungua Python pembeni:

```
import numpy as np
N = 2**20
a = np.fromfile("kuu.c64", np.complex64)[2000000:2000000+N]
b = np.fromfile("kelele.c64", np.complex64)[2000000:2000000+N]
c = np.fft.ifft(np.fft.fft(a) * np.conj(np.fft.fft(b)))
k = int(np.argmax(np.abs(c)))
if k > N//2:
    k -= N
print(k)
```

Namba ikiwa chanya, njia ya kuu ndo iliyochelewa, kwa hiyo icheleweshe ile ya kelele kwa namba hiyo kwenye Delay yake. Ikiwa hasi, ni kinyume, chelewesha kuu kwa namba hiyo bila alama. Delay zote mbili ziwe zimeunganishwa na QT GUI Range au QT GUI Entry ili ubadilishe huku inaendelea kukimbia, mana ukizima ukawasha tena namba inabadilika na umerudi mwanzo.

Ukosaji wake una bei. Kwa hizi filta zetu, ukikosea sampuli 10 basi ukingoni mwa kituo unaondoa kama desibeli 16 tu, ukikosea moja unafika 35. Kwa hiyo haraka haisaidii hapa.

Na lile dirisha jeusi la komandi likikuandikia herufi O, ujue sampuli zimepotea njiani na mpango wote umeshasogea. Pima upya.

Hatua ya 5: Toa kwa mkono kwanza

Najua wengine wataruka hatua hii waende kwenye ile ya kujipanga yenyewe. Usiruke, mana hapa ndo unapogundua kama mtambo wako uko sawa au la.

Spilita bado ipo. Njia ya kelele ipitishe kwenye Multiply Const, thamani yake iwe:

geini*cmath.exp(1j*fezi*cmath.pi/180)

ongeza bloki ya Import yenye "import cmath", na geini na fezi ziwe QT GUI Range mbili, geini kutoka 0 hadi 3 na fezi kutoka -180 hadi 180. Kisha Subtract: juu kuu, chini hii. Toleo lake lipeleke QT GUI Frequency Sink.

Sogeza fezi taratibu mpaka uone spektra nzima inazama, kisha geini, kisha rudi kwenye fezi. Kwa kuwa wote wawili wanasikia waya mmoja, kila kitu kinatakiwa kizame, kituo na kelele pamoja. Kina cha kuzama ndo alama zako za mtihani. Fezi ikikosewa digrii 10 huvuki desibeli 15 hata ukifanya nini, digrii 1 inakupa 35. Upande wa nguvu, tofauti ya desibeli moja inakukwamisha kwenye 18, na kupata 40 inabidi ukosaji usizidi asilimia moja. Kumbuka pia hivi vidude ni biti 8, kinadharia hiyo ni kama desibeli 50 kutoka juu hadi chini, kwa hiyo usitarajie miujiza. Ukipata 25 mpaka 30 endelea mbele.

Kama inazama na kuibuka yenyewe bila kuguswa, saa hazijaunganika, rudi kwa fundi. Kama haizami kabisa na fezi umeizungusha yote, wakati haujapangwa. Na kama inazama lakini inabakisha takataka ngeni ambazo hazikuwepo, basi ADC (inayogeuza mawimbi kuwa namba) imejaa. Hili la kujaa tulisisitize, mana kutoa kunafanya kazi kwa kitu kilichoingia kizima. Signali ikishakatwa kichwa kwa kuzidi nguvu, zile takataka zinazozaliwa kila kidude kinazaa za kwake, hakuna cha kutoa kwa cha mwenzake. Wanaokaa karibu na minara ya redio waweke filta, au wapunguze nguvu kabla ya kuingia kwenye kidude, sio ndani ya programu.

Kitu chengine ambacho watu wanachanganya: kutoa picha ya spektra moja kwenye picha ya spektra nyengine sio kazi hii. Ile grafu ya desibeli imeshapoteza fezi, na kutoa desibeli kwa desibeli kihesabu ni kugawanya, sio kutoa. Inakuonesha tofauti kwenye kioo, lakini sauti huipati.

Hatua ya 6: Ondoa spilita, iache ijipange

Bila kuzima flografu, fungua spilita, antena kuu iende kwa K, antena ya kelele kwa N. Sasa geini na fezi ulizozipata hazina maana tena, mana kelele inaingia kwa kila antena kwa njia yake. Unaweza ukazungusha kwa mkono na utaona kelele inazama kituo kinabaki juu, raha yake haielezeki, ila baada ya muda mtu anawasha feni au jirani anachomeka simu na umeshapoteza.

Hapo ndo inapoingia algorithimu (hatua za hesabu) ya LMS, ambayo Bernard Widrow na Ted Hoff waliitoa Stanford mwaka 1960. Mwaka 1975 Widrow na wenzake wakaeleza matumizi yake ya kuondolea kelele, na mmoja katika mifano yao ni kuyatoa mapigo ya moyo wa mama ili yasikike ya mtoto aliye tumboni. Sisi tunatoa chaja, lakini hesabu ni ile ile. Inatizama kilichobaki baada ya kutoa, kama bado kinafanana na kelele inasogeza uzito wake kidogo, na inarudia kwa kila sampuli.

Weka Python Block, kwenye kodi futa kilichomo andika hii:

```
import numpy as np
from gnuradio import gr

class blk(gr.sync_block):
    def __init__(self, uzito=16, mu=0.005):
        gr.sync_block.__init__(self, name="Toa kelele",
            in_sig=[np.complex64, np.complex64],
            out_sig=[np.complex64])
        self.mu = mu
        self.w = np.zeros(uzito, complex)
        self.x = np.zeros(uzito, complex)

    def work(self, input_items, output_items):
        kuu, kelele = input_items
        toka = output_items[0]
        for n in range(len(toka)):
            self.x[1:] = self.x[:-1].copy()
            self.x[0] = kelele[n]
            e = kuu[n] - np.dot(self.w, self.x)
            nguvu = np.vdot(self.x, self.x).real + 1e-9
            self.w += self.mu * e * np.conj(self.x) / nguvu
            toka[n] = e
        return len(toka)
```

Tundu la kwanza ni kuu, la pili ni kelele ikitoka kwenye filta moja kwa moja, ile Multiply Const huihitaji tena. Njia ya kuu iongezee Delay ya sampuli 6 au 8 hapa baada ya filta, ili ikiwa kelele inaifikia antena kuu mapema kidogo algorithimu iwe na nafasi mbele na nyuma. Python ni nzito, kwa 12,000 kwa sekunde inakwenda, ukijaribu kuipa milioni mbili itakukwama hapo hapo.

Kinachotoka kipeleke Complex to Mag, DC Blocker, Rational Resampler yenye Interpolation 4, kisha Audio Sink ya 48000. Hiyo ndo AM yako.

Hatua ya 7: Kuigusa mu

mu ni ile namba kwenye kodi inayoamua uzito usogee kwa haraka gani. Anza na 0.005. Ikiwa ndogo mno kelele inachukua muda kushuka na kila kitu kikibadilika nyumbani unasikia mngurumo unarudi kabla haujazimwa. Ikiwa kubwa mno algorithimu inakuwa na papara, inaanza kukimbiza sauti ya mtangazaji yenyewe, na unaisikia, maneno yanakuwa kama mtu anaongea kichwa kiko ndani ya pipa. Kuongeza uzito kutoka 16 hadi 64 kuna athari hiyo hiyo, na mara nyingi hakuongezi faida, mana kelele ya ndani ya nyumba haina njia ndefu za kupita. Mimi ningebaki na 16 na hata 8.

Iunganishe mu na QT GUI Range kutoka 0 hadi 0.05. Ile 0 ina kazi: kelele ikishazama vizuri ipeleke mu kwenye 0, uzito unaganda pale ulipo na kituo hakiguswi tena. Mngurumo ukianza kurudi pandisha kidogo, iache ijipange, ganda tena. Kwa muziki na taarabu ndo ninavyopendelea, kwa taarifa ya habari iache itembee tu.

Kama kituo nacho kinafifia kila ukiwasha, jibu liko Hatua ya 1, antena ya kelele inasikia kituo, ifupishe au isogeze. Kama kelele imeshuka halafu chini yake ukakuta kelele nyengine yenye mdundo tofauti, huyo ni chanzo cha pili na alikuwepo muda wote, alifichwa na mkubwa wake. Hapo unaweza ukahamisha antena ndogo kwake uone nani anastahili kuondoka.

Hakikisha laptop haijiwekei kulala yenyewe, mana ikilala flografu inakufa na kesho yake unaanza tena kwenye spilita, ule uchelewaji wa USB haurudii namba ya jana. Wenye RSPduo peke yao ndo wanaoiruka Hatua ya 4, njia zao mbili zinakuja laptop zikiwa zimeshapangwa.